Mkathi wa Kwetu

Fundi cherehani alihama kwao zamani, lakini lahaja ya kwao aliapa kutoihama. Mkasi aliuita mkathi, pasi akaiita pathi, na mteja aliyethubutu kucheka aliambiwa mwacha mila ni mtumwa, kisha suruali yake ikacheleweshwa makusudi. Nyumbani, binti zake wawili walipigwa marufuku kusema sindano.

"Thindano," aliwasahihisha, kidole juu. "Maneno ya mjini muyaache hukohuko nje."

Mke wake, mtu wa kwingine, alikuwa anasema "kile cha kukatia" ili kulinda ndoa.

Siku dada yake mkubwa alipokuja kuwatembelea, fundi aliwapanga binti zake sebuleni kama gwaride.

"Thikamoo, thangazi," wakamwamkia kwa pamoja.

Dada mtu aliweka kikombe chini, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Nani kawafundisha hawa kuongea kama babu?"

"Thi ndiyo lahaja ya kwetu, dada?" fundi akauliza.

"Kwetu wapi? Babu alikuwa na pengo, mdogo wangu. Meno ya mbele yote yalikuwa yamekwisha. Wewe ulikuwa unalala chumbani kwake, ukaubeba usemi wake mzimamzima. Sisi wengine tulikuwa tunasema mkasi."

Fundi alipitisha ulimi kwenye meno yake. Yote yalikuwepo.

"Kwa hiyo, baba," binti mkubwa akauliza kwa upole, "miaka yote hii tunaongea Kipengo?"

Mke alikimbilia jikoni kuchekea huko.

"Bathi," fundi akasema, "yaithe."