Ncha Zote Mbili

Spika za nyumbani kwa bibi, zinazopokea muziki kupitia mtandao, zilikaa kimya siku tatu, na mimi mjukuu fundi nilikuwa nimepandwa na hasira. Nilipima nyaya zote, sebuleni hadi bafuni. Zote nzima! Mwishowe nikafungua kabati lenye kisanduku kinachogawa mtandao. Waya mmoja ulikuwa umechomekwa ncha zote mbili humo humo, ukazungusha data ile ile mpaka mtandao ukazidiwa.

"Nani kafanya hivi?" nilifoka.

"Mimi," alisema bibi. "Ncha moja ilikuwa inaning'inia ovyo, nikaisitiri."

Nikaichomoa. Muziki ukalipuka kila chumba. Babu akaitikia wimbo kutoka bafuni.

"Kumbe ni kuchomoa tu," alisema bibi akinengua kiuno. "Siku tatu ulikuwa unangoja nini?"