Mama Alivyotushusha Milima ya Nilgiri

Baba yangu, Tobias Oloo, alikuwa mpima ardhi katika wizara moja mjini Nairobi. Mwanzoni mwa mwaka 1969 alipata nafasi ya kwenda kusoma India, katika mji wa Bangalore. Alituacha katika nyumba yetu ya Woodley, nyuma kidogo ya Adams Arcade: Mama, mimi Milcah niliyekuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Awiti ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza. Masomo yalikuwa ya miaka miwili.

Mama, Lornah, alikuwa muuguzi katika hospitali kuu, upande wa Upper Hill. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wengi walidhani ni mpole tu. Rafiki yake Nthenya, waliyefanya naye kazi wodi moja, hakudhani hivyo. Nthenya alikuwa Mkamba mwenye sauti ya kujaza kanisa, na alikuwa na Volkswagen ya kijivu iliyokuwa ikinguruma kama yeye mwenyewe. Siku moja alimwambia Mama, "Lornah, wewe unamtafutia mtoto mchanga mshipa na mkono hautetemeki. Usukani utakushinda nini?"

Basi Jumapili baada ya kanisa tukawa tunakwenda kujifunza. Nasema tunakwenda kwa sababu mimi na Awiti tulikaa nyuma. Nthenya alipenda kutupeleka Kitisuru, ambako barabara zilikuwa nyembamba, zinashuka hadi kwenye vijito na kupanda tena kati ya kahawa na nyua ndefu. Siku nyingine gari lilimzimikia Mama katikati ya mlima pale Upper Hill, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Nthenya akafungua dirisha awajibu, lakini Mama akamshika mkono. "Waache. Wanapiga honi, hawaendeshi." Akawasha tena, akaachia klachi polepole, tukapanda.

Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili akapita. Baba hakuandikiwa habari hiyo.

"Mbona humwambii?" nilimuuliza.

"Ataona mwenyewe."

Masomo yalipokaribia kwisha, Baba akatuandikia kwamba kabla hajarudi angependa tuione nchi aliyokaa, ili akituhadithia tusimwone muongo. Jinsi walivyopata nauli ilikuwa habari ya watu wazima. Sisi tulijua tu kwamba tunapanda ndege. Nthenya alitusindikiza hadi Embakasi akalia kuliko Mama. Tukashukia Bombay, tukapanda treni iliyokata nchi mchana na usiku, na mwaka 1971 ukatukuta Bangalore.

Baba alikuwa amekonda na kufuga masharubu. Alinibeba juu kama kwamba bado nina miaka tisa, kisha akamnyooshea Awiti mikono. Awiti akajificha nyuma ya gauni la Mama, akauliza kwa sauti ambayo watu wote wa stesheni waliisikia, "Huyu bwana ni nani?"

Baba alicheka. Lakini nilimwona akigeuka kushughulika na mizigo, ingawa mchukuzi alikuwa ameshaishika yote.

Rafiki yake wa chuoni, Nanjappa, alimwazima gari la baba yake, Ambassador nyeupe yenye mapaja ya mviringo na viti vipana kama makochi. Baba alikuwa amepanga safari nzima: tungekwenda Mysore, tupite msitu wenye tembo, tupande milima ya Nilgiri hadi mji wa Ooty, kisha turudi kuwahi treni ya Bombay. Alishika usukani asubuhi ya kwanza akiwa amevaa tai. Mama alikaa kando yake, mikono mapajani, akitazama miguu ya Baba inavyokanyaga pedali.

Sijawahi kuona nchi iliyojaa vile. Kwanza kulikuwa na miamba mikubwa imebebana kama mizigo iliyosahauliwa, kisha mashamba ya mpunga ya kijani ambayo macho hayakuyamaliza, wanawake wameinama ndani ya maji wakiwa na nguo za rangi ya embe na ya zambarau. Minazi ilisimama kwenye kingo za mifereji. Miwa ilipakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe hadi ng'ombe wenyewe wakafichika, ukaona rundo la miwa tu linatembea. Baba alituonyesha kila mfereji na kila lango la maji, akitueleza jinsi lilivyopimwa, na ingawa sikuelewa nusu yake, nilipenda kumsikia.

Mbele kidogo tukakuta barabara imetandazwa mabua ya rangi ya udongo, upana wote wa lami. Wanawake walisimama pembeni wakitupungia mikono tupite juu yake.

"Wanataka magurudumu yawapurie nafaka," Baba alisema. "Pita pita ya magari ndiyo mashine yao."

"Simamisha," Mama akasema.

Alishuka, akaokota suke moja, akalisugua katika viganja na kupuliza makapi. Punje ndogo nyekundu zikabaki. Akazirusha mdomoni, akatafuna, akatugeukia na uso ambao sikuwa nimeuona tangu Nairobi.

"Baba Milcah, hili ni wimbi!"

"Wao wanaita ragi."

"Waite watakavyo. Hili ni wimbi la kwetu."

Mwanamke mmoja alimjazia masuke mengine kwenye mkono. Mama akamwonyesha kwa vidole jinsi kwao wanavyolivuna kwa kisu kidogo, yule mwanamke akacheka na kuonyesha mundu wake. Walisimama pale wakizungumza kwa mikono huku lori likipura nyuma yao, na Baba akawangoja bila kupiga honi.

Tulilala Mysore kwa kina Nanjappa. Siku iliyofuata tuliingia msituni, na kweli tembo walikuwepo, jike na watoto wake wakivuka barabara bila haraka. Kisha milima ikainuka mbele yetu, ya buluu kabisa, na gari likaanza kupanda. Tulipofika juu, Mama alicheka peke yake: mashamba ya chai, mikaratusi, ukungu, baridi ya kutaka sweta. "Mmenivusha bahari mkanileta Limuru," alisema. Lakini Limuru haina mabonde yale. Ulikuwa unatazama chini, mawingu yako chini yako, na kupitia tundu la mawingu unaona nchi tambarare tuliyotoka, imekaa kama ramani moja ya Baba.

Huko Ooty ndiko homa ilikomwangusha Baba. Alikuwa na malaria ya zamani, ya nyumbani, na baridi iliiamsha. Daktari wa mji alikuja nyumba ya wageni, akampa dawa, akasema apumzike. Kwa siku kadhaa Baba alilala akitetemeka chini ya mablanketi, na Mama akamuuguza kama anavyouguza wodini, bila maneno. Homa ilianza kushuka, ila miguu haikuwa na nguvu, na treni yetu ya Bombay haikungoja.

Mwenye nyumba ya wageni alizunguka mji kutafuta dereva. Akarudi akitikisa kichwa. Ilikuwa sikukuu ya mavuno, Pongal, na kila mwenye leseni alikuwa amekwenda kwao.

"Basi tutakosa treni," Baba alisema kutoka kitandani. "Tukikosa treni, na ndege pia. Hakuna dereva."

"Dereva yuko," Mama akasema.

"Yuko wapi?"

Mama alifungua mkoba, akatoa leseni yake, akaiweka juu ya blanketi. Baba aliisoma. Akaigeuza nyuma, akairudia mbele.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nthenya alinifundisha."

"Lornah, hii si Ngong Road. Umeiona ile barabara."

"Niliiona tulipopanda. Nilikuwa naangalia mikono yako."

Baba alinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyeficha jambo. Nikasema, "Mama anaendesha vizuri, Baba."

Gia ya Ambassador ilikuwa kwenye shina la usukani, tofauti na ile ya Volkswagen, na Mama alitumia asubuhi nzima kuizoea uani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mwenye nyumba akiwa amewashika kuku wake wasikanyagwe. Kisha tukamlaza Baba kwenye kiti cha nyuma. Awiti alitaka kukaa mbele na Mama, lakini mbele nilikaa mimi na mizigo. Akapandishwa nyuma pamoja na huyo bwana, akakaa ukingoni kabisa, karibu na mlango.

Barabara ya kushuka ilijikunja na kurudi yenyewe, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa. Mama alivua viatu. Aliingiza gia ndogo na kuliacha gari lijizuie lenyewe, akigusa breki kwa ncha ya kidole cha mguu tu. Kwenye kila kona alipiga honi, akasikiliza, ndipo akageuza. Nje kulikuwa na maua mekundu yameinamia barabara, na nyani wamekaa juu ya mawe ya ukingo wakitutazama kama mahakimu. Nataka kusema niliogopa, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikitazama uso wa Mama, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Ndipo tukakutana na basi.

Lilitokea kwenye kona likipanda, limejaa watu wa sikukuu, wengine juu ya paa pamoja na mabua ya miwa. Halikuwa na nafasi ya kupita, na kwenye mlima anayepanda ndiye mwenye njia. Dereva wa basi akatoa mkono dirishani akatuashiria turudi nyuma. Nyuma yetu kulikuwa na kona tuliyoimaliza sasa hivi.

Baba alijiinua kwenye kiwiko. "Mama Milcah," alisema, na nikadhani ataanza kumwelekeza. Mama hakugeuka.

"Milcah," aliniambia, "toa kichwa, uniambie nikikaribia yale mawe."

Akavuta gia ya nyuma. Gari likarudi juu, kidogo, kidogo, usukani ukizunguka kwenye mikono yake. Nilitoa kichwa nikaona ukingo, na chini ya ukingo vilele vya miti. "Bado," nilisema. "Bado. Bado. Mama, mawe!" Akasimama papo hapo. Akanyoosha magurudumu, akarudi tena shibiri chache, mpaka ubavu wa gari ukalala kwenye ukuta wa mlima na barabara ikawa wazi.

Basi likapita polepole, karibu niliguse. Lilipokuwa sawa na dirisha letu, dereva wake, mzee mwenye kilemba cheupe, alisimama kidogo, akamtazama Mama, akaunganisha viganja vyake mbele ya kifua. Watu wa juu ya paa wakashangilia. Mmoja akatuangushia muwa juu ya boneti.

Mama alipumua. "Kila mtu mzima?" aliuliza.

Niligeuka. Baba alikuwa amelala tena, macho wazi, akimtazama Mama kisogoni. Na Awiti, ambaye lile basi lilimtisha, alikuwa ameuacha mlango wake na kujibana kwenye kwapa la Baba, ameshika shati lake kwa mikono miwili.

Mteremko ulipoisha, breki zilikuwa zinanuka, kwa hiyo Mama alisimamisha gari kwenye kijiji cha kwanza zipoe. Ng'ombe walikuwa wameogeshwa, pembe zimepakwa rangi nyekundu na buluu, mashada ya maua shingoni. Mwanamke wa nyumba iliyo karibu aliona tuna mgonjwa, akatukaribisha barazani akimwita Mama "Amma," neno lao la mama. Akatuletea chakula kwenye jani la mgomba: donge la ugali mweusi wa wimbi, limefinyangwa duara, na mchuzi wa mboga wa kuchoma ulimi.

Tangu homa imshike Baba hakuwa ametia kitu mdomoni ila chai. Alilitazama lile donge. Awiti akamega kipande, akakichovya, akakipeleka mdomoni kwa Baba jinsi Mama alivyozoea kumlisha yeye. "Kula," alisema. Baba akala. Akamegewa kingine, akala. Mwenye nyumba akaenda kuongeza.

Kutoka pale Baba aliomba kukaa mbele. Mimi nikahamia nyuma. Siku ya pili nguvu zake zilikuwa zimerudi, na Mama akamwuliza kama anataka usukani.

"Endelea tu," alisema. "Nikiendesha mimi sioni nchi."

Basi akaiona. Mama alituendesha hadi Bangalore, kupita minazi na mpunga na yale mabua barabarani, na Baba, badala ya kutueleza mifereji, alimuuliza Mama maswali. Wodi ilikuwaje. Nthenya ni mtu wa namna gani. Awiti alitembea lini, na alitembea akielekea wapi. Mama alijibu kidogo kidogo, jicho barabarani, kisha akawa anajibu kirefu.

Treni tuliiwahi. Shule ilikuwa imefunguliwa bila mimi, na mwalimu hakuamini hata neno moja la hadithi yangu.

Wiki chache baadaye wenzake Baba wa wizarani walikuja Woodley kumkaribisha nyumbani. Bwana Wambua, mkuu wake, alikuwa amesikia sana habari za mabwawa ya huko, akataka kujua lipi lilimshangaza zaidi. Baba alivuta meza katikati ya sebule. Akapanga sahani za kando kuwa mlima, akaweka kibiriti kuwa basi, na kopo la maziwa kuwa Ambassador.

"Sasa tazama," alisema. "Basi linatoka hapa. Yeye yuko hapa, hana viatu."

Mama aliingia na birika la chai, akasimama mlangoni.

"Kona ilikuwa kali zaidi ya hiyo," alisema. "Sogeza sahani."

Baba akaisogeza.