Bolti za Upande wa Kushoto

Mama Pacha na Baba Pacha walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na balaa lenyewe ni kwamba walikuwa wakifanya kazi meza moja. Ndoa ilishavunjika, vyombo vilishagawanywa, hata watoto walishajua siku zipi ni za mama na zipi ni za baba. Lakini asubuhi ikifika, wote wawili waliingia mlango uleule wa gereji ileile, wakavaa ovaroli za rangi moja na kuinamia injini moja. Hawakusemeshana. Walisemesha ukuta. "Ukuta, mwambie huyo anipishe na makalio yake," Mama Pacha angesema. "Ukuta, mwambie aliyezaliwa na mdomo mkubwa azunguke upande wa pili," Baba Pacha angejibu. Wenzao walishazoea, na walipochoka kucheka walinyamaza.

Gereji yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Ilihudumia magari ya milango miwili yenye pua ndefu, yale yaliyotengenezwa ili mtu avuke nchi kwa kasi ya kutisha na afike bila kuumwa mgongo. Mwenye gereji aliitwa Kipimo, kwa sababu hakuamini kitu kisichopimwa. Hata sukari ya chai yake aliisawazisha kwenye kijiko kwa ncha ya bisibisi safi, mbele za watu, bila haya.

Safari hii iliingia gari ya daktari wa meno mmoja asiye na maneno mengi, na injini yake ilikuwa ya kumtoa fundi udenda. Silinda kumi na mbili, sita kushoto na sita kulia, zimeegemeana kwa umbo la V. Ujazo wa lita sita. Ilizunguka mara elfu nane kwa dakika bila kulalamika. Oili yake haikulala chini ya injini kama kwenye gari ya kawaida. Ilikaa kwenye tangi lake pembeni, na ilipimwa injini ikiwa ya moto na inaunguruma. Ukiipima ikiwa baridi inakudanganya, unaongeza, unaifurisha, kisha unaanza kutafuta mchawi. Injini kama hiyo haina huruma na mtu mvivu wala na mtu mjuaji.

Ilikuja kubadilishwa gasketi za hedi zote mbili. Hedi, kwa asiyejua, ni lile pande la chuma linaloziba silinda kwa juu, na gasketi ni kile kibati chembamba katikati kinachozuia moto, maji na oili visitembeleane.

Kipimo aliwaita wote wawili ofisini na hakuwakaribisha kiti.

"Nimechoka kusikia ukuta wangu ukitumwa," alisema. "Hedi ya kushoto ni ya Baba Pacha. Ya kulia ni ya Mama Pacha. Injini hii ikitoka, mmoja wenu anatoka pia. Nitaangalia kazi ya nani imesimama."

Baba Pacha alitabasamu, maana yeye mdomo wake ulimfungulia milango popote. Angefukuzwa asubuhi, mchana angekuwa ameshaajiriwa kwingine na kuitwa kaka mkubwa. Mama Pacha hakuwa na bahati hiyo. Kabla ya Kipimo kumchukua alizunguka gereji za mji mzima, na kote alipewa jibu moja kwa maneno tofauti: kuna nafasi ya kuosha magari, au ya kupokea simu kwa sauti tamu. Hapa tu ndipo alipokabidhiwa injini. Akitoka hapa, mikono yake ingerudi kwenye ndoo na sifongo. Alilijua hilo, Baba Pacha alilijua, na tabasamu lake lilimkera kuliko tusi.

Sasa bolti za hedi. Bolti hizi si bolti za kitanda. Zimetengenezwa zivutike kidogo zikikazwa, na mvutiko huo ndio unaobana hedi. Kwanza unazikaza kwa spana ya kipimo mpaka ilie tik, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kisha unaongeza robo mzunguko kila moja, halafu robo nyingine, basi. Hapo unachora mstari mweupe wa rangi, kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma cha hedi, na huigusi tena. Ukizidisha, bolti inachoka, na bolti iliyochoka haionyeshi usoni. Ndiyo maana sheria ya Kipimo ilikuwa fundi mmoja akikaza, mwenzake anasimama kando akitazama na kusema kwa sauti, "Imeingia."

Lakini nani aseme "Imeingia" kwa mtu anayemsemesha kupitia ukuta? Mama Pacha alikaza upande wake akiangaliwa na fundi wa umeme. Kisha akaenda stoo kuosha vifuniko vya vali, na aliporudi alikuta hedi ya kushoto imeshakazwa, mistari myeupe imejipanga kama shanga, na Baba Pacha yuko nje anakunywa chai na kupiga mluzi. Hakuna aliyemtazama akikaza.

Mama Pacha alisimama mbele ya ile mistari na damu ikamchemka. Alimjua mtu huyu. Huyu ndiye aliyesema amekaza kitanda cha pacha, "Nimekaza, nimekaza, mbona una wasiwasi hivyo," na kitanda kikaanguka na watoto juu yake. Huyu ndiye aliyekuwa na zamu ya usiku kwenye gereji isiyo na zamu ya usiku. Bomba la jikoni alilosema amelitengeneza alilifunga kwa kitambaa na kulipaka rangi. Naam, rangi. Kupaka rangi kulikuwa fani yake. Na sasa amepaka rangi hapa pia, kazi haijakamilika, na injini ikiharibika atasema Mama Pacha ndiye hakusimamia vizuri, na Kipimo atamwamini kwa sababu siku zote watu humwamini mara ya kwanza.

Kumuuliza kungekuwa neno moja tu. Umemaliza? Basi. Lakini lile neno lingebidi alisemee usoni bila ukuta, na mkono ukawahi. Alichukua spana ndefu, akaiweka kwenye bolti ya katikati na kuivuta robo mzunguko.

Ilizunguka.

"Mwongo mkubwa," alisema kwa sauti ya chini, na moyo wake ulifurahi, furaha mbaya ya mtu aliyemfumania mwenzake. Ya pili ikazunguka. Ya tatu pia. Alikuwa akikaza huku akitunga maneno atakayomwambia Kipimo, na maneno yalikuwa matamu. Ya nne ilianza kama zile nyingine, halafu ikalainika. Spana iliendelea kwenda na chuma hakikumrudishia nguvu mkononi, kama unga uliozidiwa maji.

Fundi yeyote anayejua kazi anaijua hali hiyo ya bolti iliyochoka, na Mama Pacha alijua kazi. Alikoma palepale. Baba Pacha alikuwa amekaza. Alikuwa amekaza zote, kwa kipimo, robo na robo, safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amefanya alichosema amefanya, na Mama Pacha ndiye aliyezizidisha.

Dawa yake ilikuwa inajulikana: toa bolti zote, tupa, weka mpya. Lakini kabla ya kuzitoa angepaswa kumwambia Kipimo kwamba ameigusa kazi ya mwenzake bila kuuliza. Aliiona ndoo. Aliiona sifongo. Mistari minne ya rangi ilikuwa imekatika katikati kwa sababu bolti zimezunguka, basi akaifuta kwa kitambaa chenye petroli, akachukua mkebe uleule wa rangi na kuichora upya, taratibu, mpaka ikafanana na ndugu zake. Akajiambia huenda itashika. Injini nyingi zimevumilia mabaya zaidi.

Baba Pacha aliporudi na kikombe chake alitupa jicho kwenye hedi.

"Ukuta, mwambie huyo hedi yangu haihitaji mkaguzi."

"Ukuta umesikia," alisema Mama Pacha, akampa kisogo.

Injini iliwaka mara ya kwanza ilipoguswa. Silinda zote kumi na mbili ziliimba, oili ikapimwa ikiwa ya moto, maji yakakaa mahali pake, na Kipimo alizunguka gari akiwa na saa na vipimajoto vyake mpaka akaridhika, jambo lililotokea mara chache. Daktari wa meno alishukuru kwa maneno mawili na kuondoka. Kipimo alisema atatoa uamuzi wiki ikiisha, na Mama Pacha akaanza kupata usingizi.

Wiki haikuisha. Gari ilirudi juu ya lori, imefungwa kwa minyororo kama mhalifu. Daktari alikuwa ameipandisha mlima kwa mwendo ambao injini ile ilitengenezewa, na katikati ya mlima moshi mweupe ukamfuata nyuma kama shela ya bibi harusi. Walipofungua kifuniko cha oili, ndani mlikuwa na kitu mfano wa chai ya maziwa. Maji na oili vilikuwa vimetembeleana.

Kipimo alifungua hedi ya kushoto kwa mikono yake mwenyewe, mafundi wote wakiwa wamemzunguka. Bolti ya nne ilitoka vipande viwili. Tatu nyingine zilikuwa zimekonda shingoni. Alizipanga juu ya kitambaa, akazipima moja moja, kisha akainua macho.

"Hizi zimekazwa kupita kiasi," alisema. "Baba Pacha."

"Nilikaza kwa kipimo, bosi. Robo, halafu robo. Naapa."

"Nani alikuwa anakutazama?"

Baba Pacha alitazama huku na huku, akimtafuta shahidi. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu waachane akamsemesha Mama Pacha uso kwa uso, bila ukuta.

"Mama Pacha. Ulizigusa?"

Kila mtu alimtazama. Mama Pacha alikuwa ameshajiandaa kwa matusi, kwa kelele, hata kwa spana kurushwa. Hakujiandaa kuulizwa kwa adabu.

"Hapana," alisema.

Alingoja Baba Pacha alipuke. Alikuwa na jibu la kila tusi, tangu la kitanda mpaka la zamu ya usiku. Baba Pacha aliinama, akaokota vile vipande viwili na kuviunganisha, akavitazama sana.

"Basi ni mimi," alisema.

"Umesema nini?" Kipimo aliuliza, kwa sababu naye alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

"Ni mimi, bosi. Huyu mwanamke ana ulimi wa pilipili, hilo hata majirani wanajua. Lakini hasemi uongo. Nimeishi naye, namjua. Akisema hakugusa, hakugusa." Alifuta mikono kwenye ovaroli ingawa haikuwa michafu. "Labda nilirudia mara mbili nikasahau. Sijui. Mikono yangu sasa siielewi."

Kipimo alimwambia akusanye vifaa vyake. Hakuna aliyecheka, hata fundi wa umeme aliyekuwa akicheka kila kitu. Baba Pacha alifunga sanduku lake na kupita karibu na Mama Pacha akielekea mlangoni.

"Waambie watoto wewe," alisema polepole. "Nikiwaambia mimi watadhani kuna kingine nawaficha."

"Nitawaambia," alisema Mama Pacha.

Aliwaambia jioni wakiwa mezani, kwa sababu alijua akingoja hataweza. Alisema baba yao ameharibu injini ya mtu, kwa bahati mbaya, na hatafanya kazi tena pale. Mtoto wa kiume aliweka kijiko chini. Wa kike alifikiri kidogo.

"Yeye anasemaje? Alisema hakuharibu?"

"Mwanzoni alisema hivyo."

"Si ndiyo kawaida yake," alisema binti, akaendelea kula.

Mama Pacha alipaswa kumkanya asimseme baba yake hivyo. Alimtazama binti huyo akitafuna, akaona jinsi anavyomwamini yeye mama yake, na hakumkanya.