Meno ya Jepkosgei

Jepkosgei alitaka talaka, lakini sababu yake aliona haya kuitaja hata mbele ya ukuta. Kipyego, mume wake, hakuwa mlevi. Hakuwahi kumpiga. Kosa lake lilikuwa kunyamaza. Tangu siku ile alipoteleza akatumbukia kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe pale Chepsaita, na Jepkosgei akacheka pamoja na majirani, Kipyego hakumsemesha tena. Akitaka chai, alimwambia ng'ombe wake mweusi kwa sauti ya kufika jikoni: "Wewe, huyo mama wa hapa ameamua watu wafe na kiu?" Ugali usipoiva vizuri: "Leo tumepikiwa uji mgumu. Wewe kula nyasi yako ushukuru."

Mwenyekiti wa chama cha pale kijijini alikuja kuwapatanisha. Kipyego akaongea naye vizuri, akaongea na kila aliyekuwepo isipokuwa mkewe. Watoto walipokuwa nyumbani, mambo haya yalikuwa kama mchezo. Walipooa na kuolewa wote, nyumba ikabaki na mtu mmoja anayeongea, ng'ombe mmoja anayesikiliza, na Jepkosgei. Mwaka wa themanini na tatu akafunga nguo zake, akahamia Turbo kwa dada yake Selpha.

"Ukimwambia wakili hayo maneno atakufukuza," Selpha alimwonya wakipanda ngazi za ofisi moja mjini Eldoret, juu ya duka la mbegu. "Korti haiwezi kuvunja ndoa ya kanisa kwa sababu ya ng'ombe. Tafuta kitu kizito."

Wakili Gathogo alikuwa kijana mwenye suti mpya, ndio kwanza amefika kutoka Nairobi. Akawakaribisha kwa heshima.

"Mama, hapa usiogope. Niambie yote, hata ya aibu. Ukinificha kitu, upande ule mwingine watakitoa mbele ya hakimu, na huko mimi sina mahali pa kukimbilia."

Jepkosgei akaangalia viatu vyake. "Ni mtu mbaya," akasema.

"Mbaya namna gani?"

Akafungua mdomo kutafuta neno. Gathogo akainama mbele, akaona meno mawili ya chini hayapo. Uso wake ukabadilika.

"Mama! Ni yeye alikung'oa hayo?"

Meno hayo yalitolewa na nyanya yake Jepkosgei alipokuwa msichana, kama walivyotolewa wenzake wote wa rika lake. Ndiyo iliyokuwa mila. Alikuwa karibu kusema hivyo, lakini Selpha akamfinya paja chini ya meza.

"Ndio," akasema Jepkosgei.

"Kwa ngumi?"

Paja likafinywa tena.

"Kwa... ngumi."

"Mnyama huyu!" Gathogo akasema, na kalamu ikaanza kukimbia. Selpha hakuwa amefungua mdomo tangu waingie, kwa maana hata yeye hayo meno hakuwa nayo.

Waliposhuka ngazi, Jepkosgei akasimama. "Wacha nirudi nimwambie ukweli."

"Na korti ikikataa? Unataka kurudi Chepsaita ukae na bubu wa kujitakia?"

"Kurudi, hapana," akasema Jepkosgei haraka. Na ule ukweli ukabaki hapo hapo kwenye ngazi.

Siku ya kesi, Kipyego alikuja na ndugu zake na wazee wa kwao. Wakakaa kwenye benchi nje ya chumba cha korti. Mzee mmoja akasema jambo la kuchekesha, na benchi nzima ikacheka. Wakati huo Gathogo alikuwa akipita na faili yake kwapani. Akasimama ghafla. Akaangalia mdomo wa Kipyego. Pengo. Akaangalia mdomo wa kaka yake. Pengo. Akaangalia mzee mwenye fimbo. Pengo vilevile, tena kubwa. Halafu Selpha akaja kuwasalimu mashemeji, akajisahau, akacheka pia.

Gathogo akamvuta Jepkosgei hadi kwenye mfereji wa maji, nyuma ya jengo.

"Mama, naomba kuuliza. Kipyego amewapiga hawa wote?"

Jepkosgei akafunika mdomo kwa kiganja.

"Na dada yako pia?"

"Ni mila, bwana wakili."

"Mila! Si nilijua ni Wajaluo peke yao!" Akashika kichwa. "Mama, nimeandika ngumi! Nimeandika damu! Hiyo damu nimeiongeza mimi mwenyewe! Sasa niambie, alikufanyia nini?"

Jepkosgei akamwambia. Aliposikia habari ya dipu, Gathogo akauma midomo. Aliposikia ya ng'ombe, mabega yakaanza kumtikisika.

"Na huyo ng'ombe hujibu?"

"Yeye angalau huambiwa kitu," Jepkosgei akasema. "Wakati wa mvua niliugua. Nikamsikia Kipyego dirishani akimwambia ng'ombe ati naweza kufa. Mimi niko hapo kitandani, macho wazi. Hakuniuliza kama nimekunywa hata maji."

Gathogo akaacha kucheka. "Hayo ndiyo ulipaswa kuniambia, mama."

"Niliona haya."

"Haya tutaiona sasa hivi, mimi na wewe."

Ndani, Gathogo akasimama na kuomba kuondoa maneno yote ya meno. Hakimu, mzee wa huku huku Uasin Gishu, akapitisha ulimi mahali meno yake mwenyewe yalipokosekana.

"Afadhali," akasema.

Kisha akasikiliza mambo ya kunyamaza, tena bila kucheka. Alipomaliza kusikiliza akamgeukia Kipyego.

"Wewe, unamtaka mke wako?"

"Namtaka sana, mheshimiwa."

"Basi mwambie. Huyo hapo."

Kipyego akakohoa. Macho yakamwendea mkewe, yakateleza, yakaangukia askari wa mlangoni.

"Askari, mwambie huyo mama nyumba iko wazi."

Watu wakaangua kicheko.

"Siyo askari. Mwambie yeye!"

Kipyego akapangusa jasho. Akamtazama karani, lakini karani akainamia karatasi zake haraka. Akazunguka na macho chumba kizima.

"Wewe dirisha..." akaanza.

Hakimu akapiga meza hadi kelele zikaisha. "Inatosha. Mtu anaweza kuteswa bila kuguswa," akasema, na akaandika kwamba ndoa imevunjwa.

Nje, Jepkosgei alikuwa akifunga kitambaa chake vizuri aliposikia mtu nyuma yake.

"Jepkosgei."

Alikuwa Kipyego, peke yake, kofia mkononi, akimwangalia usoni.

"Naam."

"Unaenda wapi sasa?"

"Turbo. Kwa Selpha."

"Sawa," Kipyego akasema. Akasimama kidogo, akavaa kofia, akarudi kwa ndugu zake.

Selpha akamshika dada yake mkono kwa nguvu. "Umesikia? Ameongea! Kimbia umwite wakili, hakimu bado yuko ndani!"

"Wacha, Selpha," akasema Jepkosgei, na akaanza kutembea. "Kama amejua kuongea, mwanamke atakayemwoa baada yangu amepata bahati."