Waya Uliochomolewa kabla ya Sala ya Ijumaa

Kwa jina la Mola aliyeyakusanya maji ya Tanganyika kati ya milima, akayapa kina asichokijua mwingine ila Yeye, tunaanza. Sala na amani zimshukie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Tuwaweke watu mahali pao kwanza. Mwinshehe bin Hamdani ni mkazi wa Ujiji, mwalimu wa fikihi katika msikiti wa mtaa wake, mgane wa miaka minne. Binti yake Ashura ni fundi wa mitandao. Hufanya kazi Kigoma mjini na kulala nyumbani kwa baba yake. Mwanawe Haruna hununua mawese Kagunga na kuyaleta kwa boti. Nahodha wa boti hiyo ni Dismasi wa Katonga, mume wa Veneranda, mtu wa mizaha, ambaye kila alipomkuta mzee barazani alimwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Niombee dua, ila usiniombee niache kucheka."

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, na upepo wa kusini ulikuwa ukivuma tangu asubuhi. Saa nane na dakika tano mchana, Mwinshehe akiwa amerejea kutoka msikitini na kanzu bado mwilini, simu iliita.

"Baba, injini imezima," Haruna alisema, na nyuma ya sauti yake maji yalikuwa yakipiga mbao. "Maji yanaingia. Tunayachota, hatuyawezi. Tuko..."

Ikakatika. Akapiga. Akapiga tena. Haikupatikana.

Kutoka Kagunga hadi Ujiji ni mwendo mrefu, na simu hushika hapa ikapotea pale. Kwa sababu hiyo Ashura alikuwa amefunga kwenye omo, yaani mbele ya boti, kidude kisichoingia maji, ambacho kila baada ya dakika tano kilitangaza kwa redio mahali boti ilipo. Mlingoti wa juu ya paa ulipokea, na ishara ikashuka kwa waya hadi kwenye kisanduku cheusi cha bati kilichokaa rafuni, sebuleni. Kisanduku hicho ndicho faiawoli ya nyumba, bawabu wa mtandao, anayeamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Ashura alikuwa amekipa kazi ya pili ya kuzisoma ishara za boti, na funguo za kuzisomea zilikuwa humo tu.

Mwinshehe aligeuka kukitazama. Taa moja ya kijani ilikuwa ikiwaka, tuli. Zile nyingine, zilizozoea kupepesa usiku na mchana, zilikuwa zimekufa. Akaitazama plagi yake ukutani.

Alijua. Marehemu baba yake alikuwa na duka la nguo lenye vyerehani sita, na kila Ijumaa adhana ilipokaribia, vyerehani vilinyamazishwa na milango ikafungwa. Mwinshehe hakuwa na vyerehani. Alikuwa na plagi. Kila Ijumaa kabla ya kutoka alizichomoa zote ukutani, ya jokofu, ya redio na ya kisanduku, ili nyumba yake isiwe kazini saa ambayo waumini wameitwa. Ashura alimkataza. Alibandika hata karatasi juu ya rafu: BABA, USICHOMOE. KINA DISKI NDANI, HUZIMWA KWA UTARATIBU. Lakini Ijumaa Ashura huwa mjini, na kisanduku kila mara kiliamka chenyewe. Leo mzee alikuwa amekirudishia umeme kabla ya saa nane, na hakikuamka.

Alimpigia Ashura, naye akafika kwa bodaboda saa nane na dakika ishirini na tano, akapita na viatu hadi sebuleni. Njiani alikuwa amempigia Gervasi, mvuvi wa Mwamgongo mwenye boti yenye kasi, naye alikuwa tayari kuingia majini.

"Umeme ulikatika?" aliuliza, akikivuta kisanduku kutoka rafuni.

"Nimekikuta hivi," Mwinshehe akajibu.

Kwa herufi zake kauli ile haikuwa uongo. Miaka thelathini alikuwa amewafundisha wanafunzi hukumu ya kauli za namna hiyo, na sasa aliisikia ikitoka kinywani mwake kana kwamba imesemwa na mtu mwingine.

Ashura alitoa begini waya bapa wa samawati. Ncha moja aliichomeka kwenye kompyuta yake, ya pili kwenye tundu la nyuma ya kisanduku. "Hiki hakina kioo, Baba. Waya huu wa konsoli ndio mdomo wake. Kikiwa hai, kitasema kinaumwa wapi."

Kompyuta ilibaki nyeusi. Akainama, akatukana kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Astaghfirullah. Nimechomeka tundu la mtandao, yamefanana kama mapacha." Akahamisha. Maandishi yakaja, lakini hayakuwa maandishi: alama za kuuliza, viboko, vipembe, herufi zisizo za lugha yoyote.

"Kimeharibika?" mzee aliuliza.

"Bado. Hicho kinasema upesi, mimi nasikiliza polepole. Lazima kasi zilingane." Alibadilisha tarakimu, kutoka elfu tisa na mia sita hadi laki moja na elfu kumi na tano na mia mbili. Mistari ikanyooka, ikawa maneno. Ilishuka kwa haraka, ikafika mahali, ikasita; kisanduku kikajizima na kuanza upya. Mara ya pili ikasita palepale. Mara ya tatu palepale.

Simu ya Ashura ikaita. Aliiweka mezani, sauti nje.

"Nipo majini," Gervasi alipaza sauti juu ya ngurumo ya injini. "Nielekee wapi? Ziwa hili si sufuria ya jikoni kwenu, nifunue na kuona kilichomo!"

"Elekea kusini, kaka Gervasi," Ashura akasema. "Pita mbele ya Gombe. Kwa saa hizi walitakiwa kuwa huko."

"Walitakiwa! Haya, nakwenda na huko kutakiwa."

Ashura alichukua bisibisi, akafungua mfuniko. "Huenda adapta inatoa umeme hafifu," alisema, akaibadilisha. Kisanduku kikasita palepale. "Huenda kumbukumbu imelegea." Akaichomoa kadi ndogo ya kumbukumbu, akasugua meno yake kwa kifutio, akairudisha. Palepale. Kila jaribio lilikula dakika tatu, nne, tano. Jasho lilimdondokea juu ya bodi, akalifuta kwa ncha ya mtandio.

Mwinshehe alisimama nyuma yake akisoma dua ya mwenye dhiki, na kila alipofika katikati aliisahau. Akilini aliwaona Haruna na Dismasi ndani ya maji. Aliiona pia karatasi ya ukutani. Mara mbili alifungua kinywa. Mara mbili akajiambia kwamba binti yake ni fundi, atakipata tu, na hakuna haja ya mtu kujua.

Ashura aliacha bisibisi ikaanguka. "Sijui nishike wapi," alisema. "Ningejua kilichokipata, ningeanzia hapo. Radi, joto, panya, chochote."

"Nilichomoa," Mwinshehe akasema.

"Nini?"

"Waya. Kabla ya sala. Na Ijumaa iliyopita. Ijumaa zote."

Ashura alimgeukia. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika hamsini na tano.

"Nusu saa, Baba," alisema taratibu. "Basi ni diski."

Alikaa chini, akakizima kisanduku, akakiwasha, na kilipoanza kuhesabu sekunde za kuamka akabonyeza kitufe kukikatiza. Akaingia mahali pa kukitibu, akakiamuru kikague diski. Kisanduku kikauliza: hapa pameharibika, nitengeneze? Akajibu ndiyo. Kikauliza tena. Ndiyo. Tena. Ndiyo. Maswali yaliendelea hata Mwinshehe akapoteza hesabu, na kwa kila ndiyo ya binti yake yeye alisema "Ya Latifu" moyoni. Kisha maandishi yakashuka, yakafika mahali pale, yakapita. Taa zikaanza kupepesa.

Dakika tatu baadaye nukta nyekundu ikatokea kwenye ramani ya kompyuta. Upepo ulikuwa umewasukuma kaskazini na magharibi, mbali na ufuko, mkabala na Mwamgongo penyewe, alikotoka Gervasi.

"Geuka!" Ashura alipiga kelele simuni. "Kaskazini magharibi, kilomita tisa kutoka nchi kavu!"

"Huko ni kilindini! Na mimi nimeshaipita Gombe!" Kisha, bila mzaha, "Nageuka."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano alipopiga tena. Boti ilikuwa ikielea, imejaa maji. Haruna amepatikana, ameng'ang'ania madumu mawili, hai.

"Na nahodha?" Mwinshehe akauliza.

Simu ilibadilisha mkono. Sauti ya Haruna ilikuwa ikigongana na meno yake. "Alikuwa ananishikia dumu, Baba. Alikuwa ananichekesha nisilale. Sasa hivi tu. Hata nusu saa haijafika. Mikono ilimwishia nguvu, akazama."

Ashura alifunika uso kwa mtandio. Hakumtazama baba yake, na Mwinshehe alitamani amtazame.

Kabla jua halijagusa milima ya ng'ambo, alikuwa Katonga, mlangoni kwa Veneranda. Alikuwa ameogopa mengi siku ile, lakini hakuna lililomtetemesha kama mlango ule wa mbao. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa mkekani. Aliwasimulia yote kwa mpangilio: plagi, kauli aliyoitoa, dakika alizonyamaza. Hakujitetea.

"Uliogopa nini, Mwalimu?" Veneranda akauliza.

"Niliogopa kukemewa na mwanangu."

Veneranda aliangalia upande wa maji, ambako boti nne zilikuwa bado zikimtafuta mumewe. "Na Dismasi naye aliogopa," alisema. "Huko."

Mwinshehe aliinamisha kichwa. Hakufukuzwa, wala hakukaribishwa kuketi. Alisimama hapo hadi giza likaingia.

Ewe Mwenye kurehemu, wahifadhi waliobaki. Mpe Veneranda nguvu za kuwalea wanawe na riziki isiyomdhalilisha. Mwondolee Haruna baridi ya maji yale kila afumbapo macho. Ulainishe moyo wa Ashura kwa mzazi wake, na mzazi wake umpokelee toba. Nasi tuliosikia, utujalie kukiri kosa mapema, kabla halijamfikia asiyehusika. Amin.