Shangazi Alipompigia Kura Jenerali

Maneno niliyapata bombani, kwa jirani tunayemwita Mama Taarifa. Eti baba mkwe mtarajiwa wa binti yangu ameapa hatakula chakula cha nyumba inayomtukana Jenerali. Nikajiambia ni umbea tu. Lakini umbea ni kama mwiba wa samaki kooni: unameza tonge juu ya tonge, wenyewe uko palepale.

Chanzo ni redio. Walianzisha shindano la kumchagua mtu anayeheshimika kuliko wote katika historia ya nchi yetu. Unapiga simu, unataja jina lako na mtaa wako, kisha unamtetea wako. Mwishoni wakabaki wawili: Jenerali, aliyeongoza vita vya ukombozi, na Mkunga, yule mama aliyebaki hospitalini mji ulipozingirwa, akazalisha wanawake wa pande zote mbili.

Binti yangu ni msusi. Jumatatu alipiga simu akiwa saluni, mteja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Akasema: "Jenerali namheshimu. Lakini mji ulipozingirwa yeye aliondoka, Mkunga akabaki. Mimi wangu ni aliyebaki." Saluni nzima ikapiga vigelegele.

Sasa huyo baba mkwe ni sajini mstaafu, alipigana chini ya Jenerali huyohuyo. Na posa tumeshaipokea. Asubuhi nikamkabili binti yangu.

"Mama, sikumtukana mtu," binti akaniambia. "Nimesema aliondoka. Kwani hakuondoka?"

"Aliondoka. Ndiyo umwambie mkweo redioni?"

"Sikumwambia yeye, niliiambia nchi."

"Nchi haitakuoa!"

Akacheka, akaenda zake kazini. Mimi jambo halinikai tumboni, nikamweleza wifi yangu, yaani shangazi yake. Wifi yangu ni mtu wa kusaidia hata asipoombwa. "Tulia, wifi," akasema. "Hilo dogo." Sikumuuliza dogo kivipi.

Jumatano nipo uani nachambua mchele, mtangazaji akasema yule dada msusi amerudi hewani. Nikasikia sauti ya binti yangu, inakaribia kulia: "Naomba radhi kwa taifa. Jenerali ndiye jua letu. Huyo Mkunga alifanya kazi yake tu, kama wakunga wengine." Sauti yake kabisa. Ila binti yangu alikuwa mbele yangu, anaanika taulo za saluni. Taulo likamponyoka, likaanguka mavumbini. Tukatazamana. Shangazi yake na yeye sauti zao ni moja, hata mimi kwenye simu hunichanganya.

Tukamkuta wifi kwake, amechangamka kama aliyeshinda kura yeye mwenyewe.

"Hata asante hamtoi?"

"Shangazi, umetumia jina langu!"

"Jina lako umelipata wapi? Si la mama yangu? Nimeliazima mara moja, chukua."

Mtu amekuchomea nyumba halafu anakudai asante kwa mwanga.

Jioni mchumba akaja, amesimama mlangoni, kiti hakitaki. "Baba anauliza," akasema, "anayekuja kwetu ni yupi? Wa Jumatatu au wa Jumatano?"

Kumbe Sajini hakuapa lolote. Wa Jumatatu alimpenda mno. Mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza mikononi mwa Mkunga, mizinga ikilia, na miaka yote hiyo mzee alikuwa anasubiri mtu aseme hadharani nani alibaki. Wa Jumatano ndiye aliyemuudhi.

Nikaropoka: "Hakuwa yeye! Ni shangazi yake!" Kijana akashusha pumzi, akaanza kucheka. "Basi yameisha."

Binti yangu hakucheka. "Tunaongea kila siku," akamwambia. "Ukanisikia namdharau Mkunga, najililiza, ukaamini ni mimi?"

"Sauti ilikuwa yako kabisa."

"Sauti, sawa. Na maneno je? Baba yako hajakaa na mimi hata saa nzima, na bado akashangaa. Wewe unayenijua hukushangaa."

"Sasa tugombane kwa ajili ya shindano la redio?"

"Ndiyo maana nasema hujanielewa. Posa yenu irudi kwanza. Nataka kufikiri."

Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamnunia. Wapi! Kijana amekuja tena, akaambiwa yupo kazini. Posa imerudi kwao. Wifi anasema mtoto wangu ana kiburi. Jenerali ameshinda shindano, wakapiga wimbo wa taifa, nami nikazima redio kwa hasira. Na Mama Taarifa sasa anatangaza bombani kwamba ni wao waliomkataa binti yangu. Nimwendee nimwambie nini, wakati akinisikia atapata habari nyingine?

Mama mwenzangu mwenye binti, epuka haya:

Kuogopa mkwe ambaye hujazungumza naye.

Kupokea habari za bombani bila kwenda kumuuliza mwenyewe.

Kumpa siri mtu anayependa kusaidia.

Kusikia "hilo dogo" ukanyamaza.

Kusema redioni kwa jina la mwenzako, hata kama jina ni la mama yako.

Kumsemea binti yako wakati yeye yupo na mdomo anao.

Kusema "yameisha" kabla aliyeumia hajasema.