Mama, Hii Siyo Jiko

...na kumbe ni nailoni, kanailoni kembamba kama ngozi ya kitunguu, kamenata chini ya feni ya kompyuta, pale chuma kinapotakiwa kugusa prosesa, ule ubongo wake unaochemka, na ile dawa nyeupe ya kupozea imekagandia, dawa aliyoipaka Ludovika mwenyewe kwa kidole chake, tena kwa madaha, siku alipofunga feni mpya na kumwambia mumewe Julius fundi wa nini wakati video zipo, na kanailoni kenyewe kameandikwa, herufi nyekundu, kwa Kiingereza, kaondolewe kabla ya kufunga, na yeye ndiye mwalimu wa Kiingereza, yeye ndiye anayewapigia kelele kidato cha pili kila mtihani, someni swali kwanza, someni swali... "Mama Eva," sauti ya mama mkwe ilitoka chumbani, taratibu, "kanga yangu ya maua umeianika wapi?" na yeye akajibu, "Iko kwenye kamba, Mama, nakuletea," wala hakuinuka, bisibisi mkono huu, nailoni kidole hiki, boksi la kompyuta limelala ubavu mezani, wazi, na kanga bado mbichi bila shaka, nani anakausha nguo Mbulu mwezi wa saba, ukungu unakaa mpaka karibu na adhuhuri, na ndiyo maana mama wa watu alikuwa anatafuta joto, mtu ametoka Yaeda Chini kwenye jua lake, amekuja kutibiwa miguu, asubuhi ya kwanza tu akapitisha kiganja nyuma ya kompyuta akacheka, "Kanapumua," alisema, "kanapumua moto kama ndama," na tangu siku hiyo kigoda chake kikawa hapo, mgongo kwenye kompyuta, shuka lake amelitandaza juu ya boksi lipate moto kidogo ndipo ajifunike, na kompyuta ikawa inazima, inawaka, inazima, nyuzi joto tisini na kitu katika mji ambao watu wanalala na soksi, mtu mwenye akili angejiuliza, Ludovika hakujiuliza, alishampata mkosaji, amekaa pale kwenye kigoda na hajui kujitetea kwa habari za kompyuta... na bora basi angemwambia jikoni, wawili tu, lakini hapana, alisubiri jumuiya ya kanisa ikutane hapo nyumbani, akina mama wamejaa mpaka kwenye mkeka, Fabiola mwenyekiti kakaa karibu na mlango, wimbo unapigwa kwenye kompyuta na wote wanaufuatisha, ubeti wa pili kioo kikawa cheusi, wimbo ukakatika, sauti za wanawake zikabaki peke yake zikayumba zikanyamaza, naye akageuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya darasani, "Mama, hii siyo jiko." Hakuna aliyecheka, heri wangecheka, Fabiola alikohoa akatazama rozari yake, na mama akalivuta shuka, akalikunja, akalikunja tena likawa dogo kabisa mapajani, akasema, "Samahani, mwalimu." Mwalimu. Siyo Mama Eva, siyo mwanangu, mwalimu, kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa kosa la mtoto, na yeye mkwe wa nyumba hii, aliyekuja kutoka mkoa wa mbali akapokelewa na mikono hiyo hiyo, akafundishwa na mikono hiyo hiyo kusonga ugali wa kuwatosha wanaume wa ukoo, aliipokea ile samahani, akaitikia, "Haya." Haya! Mungu wangu... na tangu hapo mama anapita ukutani, anaizunguka meza kwa mbali kama ina mbwa mkali, mikono kwapani, anamwambia Eva, "Usisogee hapo, bibi yako ameshaharibu," na sasa anafunga mzigo, matibabu hayajaisha, miguu bado imevimba, Julius ameenda stendi kumtafutia nafasi kwenye gari, na yeye Ludovika hakumzuia, alisema tu, kama ameamua kwenda, aende... na hilo si kubwa, kubwa ni kwamba juzi ilizima mama akiwa jikoni, jana ikazima mama akiwa kanisani, shuka halipo, mtu hayupo, ikazima, na yeye aliona, akanyamaza, hapo ndipo penyewe, nailoni ni ujinga na ujinga husameheka, lakini kule kunyamaza alikufanya akijua... "Mama Eva, basi acha, nitaivaa hivyo hivyo mbichi," na yeye akasema, "Nakuja, Mama," na kidole kikatangulia kwenda mfukoni peke yake, itie humo, nani atajua, utapaka dawa upya, utafunga, itapoa, Julius atasema umeona, tangu mama aondoke imepona, na ndivyo itakavyosimuliwa mpaka Nambis kwa mashemeji, bibi aliyeua kompyuta kwa shuka, na watoto watacheka, na yeye atacheka nao...

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake. "Imepona?" aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa aliyegongwa na yeye mwenyewe, na Ludovika akakitoa kidole mfukoni, akakinyoosha, akasema haraka kabla hajabadili nia, "Mama, siyo wewe, ni mimi, nilisahau kubandua hii nailoni, joto lilikuwa linakosa pa kutokea, shuka lako halikuharibu kitu," na mama akakitazama kidole, akamtazama usoni, akatabasamu kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, "Mwanangu, una moyo mzuri," alisema, "unasema hivyo nisiondoke na uchungu. Lakini shuka niliweka mimi. Wote waliona." Akageuka kwenda kuvaa viatu. Una moyo mzuri... angempiga kofi ingekuwa nafuu, kumbe hata ukweli Ludovika ameshauharibu, ukitoka kinywani mwake unafika kama pole, maana mama haamini maneno ya watu wawili sebuleni, anaamini macho ya akina mama wale kwenye mkeka, wote waliona, basi wote itabidi wasikie, Fabiola na kikohozi chake, na kuwaambia ni kuvuliwa nguo mchana, mwalimu mzima, na bado yupo pale pale kwenye kiti, kompyuta wazi, bisibisi mkononi, Alhamisi, aliwaza, hatoki mtu nyumba hii kabla ya jumuiya ya Alhamisi, na akaogopa, kwa sababu alijua kwamba atasema.